Mashine Inapopotewa na Siku

Mgeni anayefika Ujiji hupelekwa kuona mnara wa mawe uliojengwa mahali panapokumbukwa kuwa ndipo Henry Morton Stanley alipokutana na Dkt. David Livingstone. Stanley aliandika katika kitabu chake kwamba siku hiyo ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Livingstone, katika shajara yake, aliliweka tukio hilohilo katika siku za mwisho za Oktoba. Watu wawili walisimama mahali pamoja mbele ya umati mmoja, kisha wakaandika tarehe mbili. Hakuna aliyesema uongo. Stanley alieleza kwamba homa iliyompata Unyanyembe ilimlaza siku nyingi bila fahamu kamili, na alipopata nafuu hesabu yake ya siku ilikuwa imekwisha kuvurugika. Livingstone naye alikuwa ameugua mara nyingi katika miaka ya safari zake, mbali na kalenda ya kulinganishia.

Kwa wanahistoria, tofauti hiyo ni mjadala usiomdhuru mtu. Hospitalini mambo ni mengine. Siku hizi kazi ya kuhesabu siku tumeikabidhi mashine: kompyuta ya mapokezi, mashine ya maabara, ultrasaundi, jokofu la chanjo, simu ya mhudumu wa jamii. Mashine nazo hupotewa na siku. Mgonjwa wa homa aliyepotewa na siku utamtambua kwa maneno yake, lakini mashine huendelea kuchapisha majibu kwa herufi safi kana kwamba hakuna kilichotokea. Makala haya yanaeleza jinsi kasoro za tarehe zinavyozuka, madhara yake kwa mgonjwa, na maandalizi ambayo kituo chochote cha afya, kikubwa au kidogo, kinaweza kuyafanya.

Tarehe ni kipimo

Mhudumu wa afya hufundishwa kuujali uzito, joto la mwili na shinikizo la damu. Tarehe huiandika juu ya karatasi kama salamu ya barua, kisha akaingia kwenye shughuli. Lakini hebu tutazame kazi zetu za kila siku. Mtoto hupata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na miezi 18. Dawa za kinga baada ya mtu kuwa katika hatari ya kuambukizwa VVU zapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita. Mgonjwa wa kifua kikuu hufuatwa kwa miezi ya matibabu. Umri wa mimba huamua iwapo mama apewe dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, aanzishiwe uchungu, au aachwe asubiri. Katika kila mfano huu, tarehe ikikosewa, tiba nayo hukosewa, hata kama dawa ni sahihi na mkono ulioitoa ni hodari.

Siku hizi baadhi ya hesabu hizo hazifanywi tena kwa vidole. Vituo vingi vya serikali nchini hutumia mfumo wa GoTHOMIS kusajili wagonjwa, na takwimu za huduma hukusanywa kwa DHIS2. Mwaka 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kuwatumia wajawazito ujumbe wa simu unaolingana na umri wa mimba zao. Sisemi kwamba mifumo hii ina kasoro. Ninachosema ni kwamba yote husimama juu ya tarehe iliyoingizwa na binadamu na juu ya saa iliyomo ndani ya mashine, na msingi huo haujikagui wenyewe.

Kisa cha mama mmoja

Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Katika ziara ya kikazi kwenye kituo kimoja cha pwani ya Ziwa Tanganyika, niliitwa kumwona mama aliyekuwa ameandaliwa kuanzishiwa uchungu. Siku hiyo ilikuwa tarehe 6 Mei. Karatasi ya ultrasaundi ilionyesha kwamba alitarajiwa kujifungua tarehe 29 Aprili. Kwa hiyo mimba ilihesabiwa kuwa imefikisha wiki 41, na uamuzi wa wenzangu, kwa hesabu hiyo, ulikuwa wa haki kabisa.

Aliyenizuia ni muuguzi mkunga wa zamu. Alikuwa amepima kimo cha mfuko wa uzazi mara mbili, na mara zote alipata sentimita 35. Nikamwuliza mama tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Hakuikumbuka, na kadi yake ya kliniki haikuwa nayo, kwa sababu alianza kuhudhuria akiwa amechelewa. Lakini mumewe ni mvuvi wa dagaa, na wavuvi wa dagaa huko huvua kwa taa usiku wa giza, kisha hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mwanga wa mwezi hushinda mwanga wa taa zao. “Daktari,” alisema, “tangu nizikose siku zangu, mume wangu amelala nyumbani mbalamwezi nane. Mtoto wangu wa kwanza nilihesabu tisa.”

Tuliirudia karatasi. Juu yake palikuwa na tarehe ya kipimo: 03/04. Sote tuliisoma tarehe 3 Aprili, na daftari la chumba cha ultrasaundi lilithibitisha kwamba mama alipimwa siku hiyo. Chini palikuwa na tarehe ya matarajio ya kujifungua: 04/29. Sote tuliisoma tarehe 29 Aprili. Hapo ndipo kosa lilipokuwa wazi mbele ya macho yetu. Hakuna mwezi wa 29. Mashine ilikuwa ikitanguliza mwezi na kufuatisha siku, kama Wamarekani waandikavyo. Basi hata ile 03/04 kwa mashine ilikuwa tarehe 4 Machi. Kwenye karatasi moja tulikuwa tumesoma tarehe mbili kwa kanuni mbili.

Ilibainika kwamba asubuhi ya tarehe 3 Aprili, baada ya umeme kukatika, mashine iliwaka ikiwa imesahau siku, kwa kuwa betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekwisha nguvu. Mtumishi aliyeiwasha aliandika tarehe kama tulivyozoea sote, siku kwanza na mwezi baadaye. Mashine ikarudi nyuma siku 30. Vipimo vya kichwa na paja la mtoto vilikuwa sahihi, na umri wa mimba wa wiki 32 uliotokana navyo ulikuwa sahihi vilevile. Lakini mashine ilipoongeza wiki 8 zilizobaki, ilizihesabu kutoka tarehe 4 Machi badala ya tarehe 3 Aprili. Tarehe ya kweli ya matarajio ilikuwa 29 Mei. Mama tuliyetaka kumwanzishia uchungu alikuwa na mimba ya wiki 36 na siku 5.

Tulimrudisha nyumbani kwa maelezo na tarehe mpya. Alijifungua salama baadaye katika mwezi huohuo. Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Daftari la chumba lilitolewa, na kila mama aliyepimwa tangu tarehe 3 Aprili alitafutwa ili kadi yake isahihishwe. Wengine iliwapasa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuwafuata kwa boti. Lazima nikiri pia kosa letu la kitabibu: ultrasaundi ya miezi ya mwisho ya mimba inaweza kukosea kwa wiki mbili hadi tatu hata mashine ikiwa nzima, wala haifai kutegemewa peke yake kama ile ya miezi ya mwanzo. Kosa la mashine lilikuta mlango ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeuacha wazi.

Kompyuta huhesabuje siku?

Kasoro za tarehe zilijulikana duniani kote mwaka 2000 ulipokaribia. Watunzi wa programu za zamani, kwa kubana nafasi iliyokuwa ghali wakati ule, walihifadhi tarakimu mbili tu za mwisho za mwaka. Mwaka 1965 ukawa 65, na mwaka 2000 ukawa 00. Mashine ikitakiwa kutafuta umri wa mtu aliyezaliwa 1965, hutoa 65 katika 00, ikapata jibu lisilo na maana. Serikali, benki na hospitali nyingi zilitumia miaka kadhaa kurekebisha programu zao. Usiku ulipopita bila maafa makubwa, watu wengi walisema hofu ile ilikuwa ya bure. Sisi wa afya twapaswa kuielewa vizuri hali hiyo, maana ndiyo hukumu inayozipata chanjo: kinga ikifaulu, ugonjwa hauonekani, na watu huuliza kinga ilikuwa ya nini.

Pale ambapo kinga haikukamilika, madhara yalionekana. Huko Sheffield, Uingereza, programu ya maabara iliyokadiria uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down ilikosea kukokotoa umri wa wajawazito tangu Januari hadi Mei mwaka 2000. Uwezekano huo hutegemea sana umri wa mama. Wajawazito 154 walipewa majibu yasiyo sahihi, na miongoni mwa walioambiwa kwamba hatari yao ni ndogo, wanne walikuwa na mimba za watoto wenye hali hiyo. Kompyuta haikuzimika wala haikutoa onyo. Kwa miezi mitano iliendelea kutoa majibu yaliyopangika vizuri.

Tarehe nyingine inayotungojea ni ya mwaka 2038. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970. Katika mifumo inayoitunza hesabu hiyo kwa biti 32, chombo hujaa kifikapo sekunde 2,147,483,647. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, wakati zamu ya usiku ikijiandaa kukabidhi wodi. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itarudi hadi tarehe 13 Desemba 1901, enzi ambayo reli ilikuwa haijafika Kigoma na meli ya Liemba ilikuwa haijaundwa.

Kompyuta nyingi za leo hutumia biti 64 na hazina tatizo hilo. Wasiwasi uko kwenye vifaa ambavyo havionekani kama kompyuta: mashine za maabara, vifaa vya kufuatilia wagonjwa, vinasa joto vya majokofu, na programu za zamani zinazotumika kwa kuwa bado zinafanya kazi. Wala tusijifariji kwamba 2038 ni mbali. Hesabu za tiba hutazama mbele. Kitanzi cha shaba hukaa tumboni miaka 10 na zaidi. Kitakachowekwa Februari 2028 kitaandikiwa tarehe ya kutolewa ya mwaka 2038. Msichana aliyezaliwa mwaka 2024 atatimiza miaka 14 mwaka 2038, na programu inayokokotoa umri wake wa mbele itaifikia tarehe hiyo mapema kuliko sisi.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, hesabu ya wiki ya mfumo wa GPS itaanza upya, kama ilivyoanza upya Agosti 1999 na Aprili 2019, kwa sababu hujaa kila baada ya wiki 1,024. Vifaa vya zamani vya kuongozea boti vinaweza kuonyesha tarehe isiyo sahihi. Timu za huduma ya mkoba zinazokwenda vijiji vya pwani kwa maji zisichukue tarehe ya kifaa hicho kuandikia kadi za watoto.

Kasoro za hapa kwetu

Miaka hiyo mikubwa inajulikana na ina wataalamu wake. Zinazotusumbua zaidi ni kasoro ndogo zinazozaliwa na mazingira yetu.

Ya kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Kigoma haikuwa kwenye gridi ya taifa, na umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Kila umeme unapokatika, mashine hutegemea betri ndogo ya ndani, bapa kama sarafu, ili isisahau saa. Betri hiyo hudumu miaka michache tu. Ikiisha, mashine huamka ikiwa na tarehe iliyowekwa kiwandani. Kosa la miaka kumi hugunduliwa haraka. Kosa la mwezi mmoja, kama la yule mama, hupita bila kutiliwa shaka.

Ya pili ni saa yetu. Siku ya Mswahili haianzi usiku wa manane. Mama akisema amejifungua “saa saba usiku wa kuamkia Jumatano”, amesema jambo lililo wazi kabisa kwa lugha yetu, lakini karani akiandika 7:00 usiku katika mfumo, au akachagua Jumanne, amekosea saa na pengine siku. Kwa mtu aliyebakwa na anayehitaji dawa ndani ya saa 72, makosa ya saa sita ni makubwa.

Ya tatu ni mpaka. Burundi na Kongo ya mashariki ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyo kwenye kijiji cha mwambao inaweza kunasa mnara wa ng'ambo, ikajirudisha saa moja bila mwenyewe kujua.

Ya nne ni tarehe za kuzaliwa zisizojulikana. Watu wengi, wakiwamo wakimbizi waliopokewa katika mkoa huu, wameandikishwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu mwaka pekee ndio uliojulikana. Mfumo unaotambua wagonjwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa unaweza kuwachanganya wawili wenye majina yanayofanana, na majibu ya mmoja yakaingia kwenye faili la mwingine.

Ya tano huja kila baada ya miaka minne. Tarehe 29 Februari 2024, mashine za kulipia mafuta katika vituo kadhaa nchini New Zealand ziligoma kwa kuwa programu yao haikuitambua siku hiyo. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo asikataliwe na mfumo, wala mhudumu asimbadilishie tarehe ili mfumo umkubali.

Maandalizi

Kwa wahudumu, jambo la kwanza ni kukagua tarehe na saa ya kila mashine wakati wa kukabidhiana zamu, na kila mara umeme unaporudi. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Ibandikwe orodha ukutani, na mkaguzi atie sahihi. Tarehe ikikutwa imekosewa, isisahihishwe kimyakimya: iandikwe ilikosewa tangu lini, kisha majibu yote yaliyotolewa katika muda huo yapitiwe.

La pili ni kuandika mwezi kwa jina. Ukiandika “3 Aprili” hakuna wa kuigeuza kuwa 4 Machi. Saa nayo iandikwe kwa mtindo wa saa 24, baada ya kumwuliza mteja kama anasema asubuhi, mchana, jioni au usiku.

La tatu ni kulinganisha. Jibu la mashine lipimwe kwa kimo cha mfuko wa uzazi, kwa historia ya mama, na kwa macho yetu. Tarehe ya kuzaliwa ya kukadiria iandikwe kwamba ni ya kukadiria, na mgonjwa atambuliwe pia kwa namba yake ya usajili.

Kwa viongozi wa vituo na halmashauri, iandaliwe orodha ya vifaa vyote vyenye saa ndani yake, pamoja na mwaka wa kutengenezwa na toleo la programu. Betri ndogo zibadilishwe kwa ratiba kabla hazijafa. Mkataba wa kununua kifaa kipya umtake muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba kitafanya kazi baada ya tarehe 19 Januari 2038, maana mashine inayonunuliwa leo inaweza kuwa bado ipo wodini siku hiyo. Majaribio ya kusogeza tarehe mbele yafanywe na mtaalamu wa TEHAMA kwenye nakala ya mfumo, kamwe yasifanywe kwenye mfumo wenye kumbukumbu za wagonjwa. Daftari la karatasi litunzwe. Ndilo lililotuwezesha kuwapata kina mama wale.

Kwa wagonjwa na familia, kadi yako ni mali yako. Ukirudi nyumbani isome, au mpe anayejua kusoma akusomee. Ukiona tarehe ya kurudi kliniki imekwisha kupita, au dawa za mwezi mmoja zimeandikiwa miezi mitatu, uliza. Mama mjamzito na aandike siku ya kwanza ya hedhi yake mara tu anapohisi ana mimba, na aanze kliniki kabla ya wiki ya 12. Asiyeandika ahesabu kwa njia anayoijua: mwezi mwandamo, Ramadhani, mavuno, msimu wa mvua, mbalamwezi za wavuvi. Asione haya kuzitaja hesabu hizo mbele ya daktari, na daktari asizidharau.

Stanley na Livingstone hawakuwa na wa kuwasahihisha hesabu zao. Sisi tunao: kalenda ya ukutani, daftari, mkunga mwenye futi mkononi na mama mwenye kumbukumbu zake. Kesho asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, itazame tarehe iliyo kwenye mashine yako, kisha itazame ile ya ukutani. Zikitofautiana, kazi ya siku ianzie hapo.